Punje 11 za Njano

Hindi la kwanza nililimenya palepale shambani, kabla hata sijashusha kikapu. Maganda yalikuwa yamekauka kiasi cha kulia mkononi. Mbegu yangu ni nyeupe, weupe wa maziwa, na mistari ya punje huwa 12 au 14. Sijawahi kukuta 13, maana mhindi hupanga punje zake kwa jozi na hesabu ya mistari hugawanyika kwa mbili. Katikati ya weupe ule palikuwa na punje za njano. Hazikuwa za njano iliyokolea, bali ya kufifia, kama jino la mtu aliyevuta tumbaku miaka mingi. Nilizihesabu zikawa 11.

La pili lilikuwa na 4. La tatu halikuwa nayo hata moja. La nne, 9. Niliketi juu ya kikapu nikaanza kumtafuta mchawi.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba mbegu niliyoipanda ilikuwa imechanganyika. Lakini mbegu ile niliichambua mwenyewe, punje moja moja, usiku mbili mfululizo, na hapakuwa na ya njano. Ilinichukua muda kukubali kwamba njano ile iliingia msimu uleule, mahindi yakiwa yamesimama, ikipita hewani.

Ukitaka kutunza mbegu ya mahindi, huna budi kuijua ndoa yake. Mbelewele ile ya juu ndiyo dume, na ndevu zinazochomoza kwenye hindi ndizo jike. Kila unywele mmoja wa ndevu umeshikana na punje moja. Unywele usipopata chavua, punje yake haijazi, na ndiyo sababu ya yale mahindi yenye mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oa meno. Mbelewele moja humwaga chavua kwa mamilioni, hasa asubuhi umande ukishakauka, na kwa kawaida huanza siku moja hadi tatu kabla ya ndevu za mmea huohuo kutoka. Kwa hiyo mhindi mara nyingi haujizalishi. Zaidi ya punje 9 katika 10 hupata baba kutoka mmea mwingine. Hindi moja lenye punje 400 lina mama mmoja, na baba wanaweza kuwa kadhaa wa kadhaa, kila mmoja kaletwa na upepo.

Rangi ya njano inashinda nyeupe, na inaonekana kwenye punje ileile iliyochavushwa, huhitaji kungoja mpaka uipande. Ilikuwa imefifia kwa sababu katika ile nyama ya punje mama huchangia mafungu mawili na baba fungu moja. Mama zangu walikuwa weupe, baba alikuwa wa njano. Na mahindi ya njano nilijua yako wapi: kwa jirani, upande wa mashariki, aliyekuwa akilima chakula cha kuku wake.

Nilifanya jambo ambalo hadi leo nalihesabu kuwa la busara kuliko mengi niliyofanya msimu ule. Sikuyatupa mahindi yote lundo moja. Nilivuna mstari kwa mstari, kuanzia mpakani kwa jirani kuingia ndani, nikayapanga chini kwenye turubai kwa mpangilio huohuo, nikahesabu punje za njano. Picha ilijichora yenyewe. Mistari minne ya mwanzo ilikuwa na njano tele. Kufika wa kumi, zilikuwa chache. Kuanzia wa ishirini, unamenya mahindi matano sita bila kuiona, halafu ghafla, katikati kabisa ya shamba, moja. Chavua ya mahindi ni kubwa na nzito, nyingi huanguka karibu na ilikotoka. Lakini "nyingi" si "yote". Umbali unaotajwa mara nyingi kwa shamba la mbegu ni mita 200, na watunza mbegu wenye msimamo hutaka 400 au zaidi. Mimi nilikuwa na mita 60, tena upepo wa asubuhi unatoka mashariki.

Nilichambua njano zote nikajiona nimemaliza kazi. Sikuwa nimemaliza. Jirani wa kusini alikuwa amepanda mahindi chotara meupe, na chavua yake ikiangukia ndevu zangu punje inatoka nyeupe kama zile zangu. Njano ilikuwa shahidi wa upande mmoja tu. Kusini sikuwa na shahidi. Anayelima mahindi matamu, yale ambayo punje zake zikikauka hujikunja, ana bahati kama yangu: akiona punje nene iliyojaa katikati ya zilizojikunja, ajue mgeni kapita. Anayelima ya njano amezungukwa na mengine ya njano hataona kitu. Tangu hapo mistari ya kingo, pande zote nne, mimi huila au huiuza. Mbegu inatoka ndani.

Lakini nimeanza hadithi katikati. Kosa kubwa zaidi nilikuwa nimeshalifanya miaka kadhaa kabla, na lile halikuletwa na upepo.

Nilipohamia kilimo hai, mbegu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kunikwamisha. Mbegu za dukani zilikuja zimepakwa dawa, nyekundu kama zimechovywa kwenye rangi ya mlango, na viwango vya kilimo hai haviruhusu mbegu zilizopakwa dawa za namna ile. Pia zilikuwa chotara. Ukirudia kupanda ulichovuna, kizazi cha pili kinatawanyika: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja unawahi, mwingine unachelewa, na mavuno yanashuka. Nilitaka mbegu ya kurudia, ile inayochavushwa huria shambani na bado ikabaki ni yenyewe mwaka hadi mwaka. Mzee mmoja alinipa mahindi 6 yaliyofungwa pamoja kwa maganda yao.

"Yatunze, mwanangu," alisema. "Haya hayanunuliwi."

Nikayatunza kwa jinsi nilivyoelewa neno kutunza. Msimu wa kwanza nilipanda yote. Nilipovuna nikachagua mahindi 5 yaliyo mazuri kuliko yote, marefu, yaliyojaa hadi nchani, nikayaning'iniza juu ya jiko. Msimu wa pili nikafanya vilevile, nikachagua 5. Nilijivuna kweli kweli. Nilikuwa nawaonyesha wageni.

Msimu wa tatu niliona kitu ambacho sijakisahau. Siku ya tisa baada ya kupanda, katikati ya miche ya kijani, kulikuwa na miche myeupe. Ninaposema myeupe simaanishi ya manjano, ile ya kukosa chakula. Ilikuwa myeupe kama karatasi, mizuri ukiitazama, jua la asubuhi likipenya ndani yake. Nilipiga magoti nikaushika mmoja. Ulikuwa laini, wenye maji, hauna ugonjwa wowote. Ulikuwa tu hauna ukijani wa kujipikia chakula. Baada ya siku chache, akiba iliyokuwa ndani ya punje ilipoisha, yote ilinyauka. Iliyobaki ilikua, lakini kwa unyonge: mashina membamba, mahindi mafupi, ndevu zinatoka wakati mbelewele imeshamaliza kumwaga. Nilivuna chini ya nusu ya mwaka wa kwanza kwenye eneo lilelile, kwa mboji ileile.

Nililaumu mboji kwanza, kisha mvua. Kumbe nilikuwa nimeozesha ndugu kwa ndugu. Mahindi hayavumilii jambo hilo. Charles Darwin alilijaribu kwa mikono yake na kuchapisha matokeo mwaka 1876: mahindi yaliyochavushwa na mmea mwingine yalirefuka kuliko yaliyojichavusha. Mwaka 1908 mtafiti wa Marekani, George Harrison Shull, alieleza kwamba shamba la mahindi ya kawaida, hata likionekana la aina moja, ni mkusanyiko wa machotara wa kila namna waliosimama bega kwa bega. Nguvu ya mbegu imo katika mchanganyiko huo. Ndani yake zimejificha pia kasoro, kama ule weupe wa miche, ambazo hazionekani mpaka pande mbili zenye kasoro ileile zikutane. Kwenye umati hukutana kwa nadra. Katika nyumba ya mahindi 5, wote wakiwa binamu, hukutana upesi.

Maharage yangekusamehe. Maharage hujichavusha yenyewe ua likiwa bado limefumba, na ukianza na mimea michache tu unaweza kwenda nayo miaka mingi. Mimi nilikuwa nimeshazoea maharage, nikayachukua mahindi kama maharage marefu.

Nilirudi kwa yule mzee nikiwa na aibu. Hakunicheka. Aliniuliza tu nilibakiza mahindi mangapi, nikamwambia, akanyamaza kidogo, halafu akaingia ndani akatoka na bakuli la punje zilizokwisha kupukuchuliwa. Akanielekeza kwa watu wengine wawili wanaolima mbegu ileile. Mbegu ya nyumba zile tatu niliichanganya na mabaki ya kwangu, na msimu uliofuata shamba lilinyanyuka kama mgonjwa aliyepata damu.

Sasa huweka mbegu kutoka kwenye mahindi 100 kwenda juu, yaliyovunwa kwenye mimea isiyopungua 200 iliyochanua pamoja. Watu wakisikia 100 hushtuka, wanafikiria magunia. Hesabu yake ni ndogo. Nachukua mahindi 120, na kila hindi natoa punje 30, za katikati, si za nchani wala za kitako, kwa sababu zile hazilingani umbo. Napata punje 3,600. Uzito wake ni kama kilo moja na kidogo. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 zinaenea kwenye mita za mraba 800 hivi. Kanuni ninayoishika sana ni hiyo ya punje 30 kwa kila hindi, hata lile jembamba ambalo moyo haulipendi. Ukimpa hindi mnene punje 200 na jembamba 10, umerudi kulekule kwa mahindi matano, umezunguka tu.

Na hapo panazuka swali: nitachaguaje basi, kama kila hindi linaingia? Kuchagua kupo, ila si pale nilipokuwa nachagulia. Mimi nilikuwa nachagulia ghalani. Nakaa mbele ya lundo, napekua, natoa manene. Siku moja, kwa bahati, mahindi yaliyokuwa na alama za mistari niliyovunia yaliniumbua. Karibu yote niliyoyaita bora yalitoka kwenye kipande kimoja, na kipande hicho kilikuwa mahali lilipokaa lundo la mboji miaka miwili kabla. Mengine machache yalitoka kwenye mimea iliyokuwa na pengo pembeni, yaani iliyokula sahani ya jirani aliyekufa. Nilikuwa nachagua mbolea na nafasi, nikidhani nachagua damu.

Huko Iowa, Marekani, mambo hayo walikuwa na mashindano yake. Mahindi yalipambwa, yakapangwa mezani, yakapewa alama kwa unyoofu wa mistari na umbo la ncha. Mwaka 1904 kijana Henry Wallace, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa makamu wa rais wa nchi hiyo, alipewa mahindi yaliyopangwa kwa uzuri kuanzia la kwanza hadi la mwisho, akayapanda kila moja mstari wake. Mazuri ya mezani hayakuongoza shambani. Nikisoma habari hiyo huwa naona haya kidogo, maana mimi nilikuwa nimefanya mashindano yangu mwenyewe juu ya jiko, mshindani mmoja na mwamuzi mmoja.

Siku hizi nachagua mimea ikiwa imesimama, na nagawa shamba kwa vipande vidogo, kila kipande kinatoa mimea yake bora. Hivyo palipo na rutuba pasiwameze wenzao. Njia hii ilielezwa kitaalamu na mtafiti C. O. Gardner wa Nebraska, Marekani, mwaka 1961, lakini hata bila kitabu ukishaaibishwa na lundo la mboji utaifikia. Sichukui mmea wa pembeni. Sichukui usio na majirani pande zote. Nabeba nyuzi za rangi, nafunga shina.

Naangalia nini? Kwanza maganda. Hindi ambalo maganda yake yamebana na kupita ncha kwa urefu wa vidole viwili hukingwa dhidi ya ndege na fukusi tangu shambani. Lile lenye ncha wazi limekwisha kuliwa kabla halijafika nyumbani, hata kama ni nene kama paja la mtoto. Pili, hindi likishakomaa linainama? Linaloinama humwaga maji ya mvua, lililosimama hukusanya maji ndani ya maganda na kuoza kitako, na kuoza huko ndiko kunakoleta ukungu wenye sumukuvu. Haya mawili niliyapuuza miaka mingi kwa sababu hayaonekani kwenye hindi lililomenywa. Hindi likiwa kwenye maganda yake linakueleza mambo ambayo uchi wake hausemi. Mengine ni ya kawaida: shina lisiloanguka, hindi lililokaa usawa wa kiuno, majani yaliyobaki na afya bila kunyunyiziwa kitu.

Viwavijeshi navyo vinanisaidia kuchagua, ingawa singevialika. Huwa naviokota asubuhi, pale majani machanga yanapochomoza, lakini siwezi kuvimaliza. Kuna mimea ambayo hutafunwa na kusimama tena, ikachanua kwa wakati. Hiyo hupata uzi. Ningekuwa nanyunyizia sumu, nisingeijua.

Kuna jambo lilinichelewa: ukifunga uzi kwenye shina umemchagua mama tu. Baba keshapita wiki nyingi nyuma. Kwa hiyo uchaguzi mkubwa naufanya mapema, kabla ya mbelewele kufunguka. Napita na kisu kila asubuhi kwa siku kumi hivi, nakata mbelewele ya kila mmea ulio dhaifu, wenye ugonjwa, au usiofanana na wenzake. Mmea unabaki na utazaa hindi la kula, lakini haumwagi chavua. Ni kazi ya kuchosha. Ukichelewa siku moja umechelewa. Jasho linachanganyika na ungaunga wa njano shingoni na unawasha, na mara ya kwanza mke wangu aliponiona nakata vichwa vya mahindi aliuliza kama nimeugua.

Turudi kwa jirani wa mashariki. Mita 60 siwezi kuzirefusha, ila muda unaweza kurefushwa. Nilimfuata.

"Mzee, ukipanda siku ya kwanza, mimi nitangoja wiki nne. Mahindi yako yatakuwa yamemaliza kumwaga, yangu ndiyo yanaanza."

"Wiki nne?" akashangaa. "Mvua itakuacha, mwanangu."

"Iniache tu."

Hakukosea. Kuchelewa wiki nne kunauma mtu anayelima kwa mvua, na yeyote anayekuambia kutenganisha kwa muda ni rahisi huenda ana maji ya kumwagilia. Nilipunguza eneo la mbegu nikaweka matandazo mazito, unyevu ukae.

Yeye alipanda. Mimi nikangoja, nikapanda. Mbelewele zake zikatoka, zikamwaga, zikakauka kuwa kahawia. Nikawa nalala usingizi. Kisha asubuhi moja, ndevu zangu zimechomoza, laini, zinanata, naona ng'ambo ya mpaka mbelewele mbichi zinatikisika. Hazikuwa nyingi, labda 40, zimetawanyika ndani ya mahindi yaliyokauka. Panya walikuwa wamemfukulia mbegu, akarudishia mapengo wiki tatu baadaye, kama mkulima yeyote angefanya. Hakunificha chochote. Mimi ndiye sikumuuliza kuhusu mapengo.

Nilimwomba nikate mbelewele zile, akakubali, na tulizikata wote wawili. Ila ilikuwa ni siku ya tatu.

Jambo hilohilo lililonitia hasara liliwahi kumtajirisha mtu. Mwaka 1846 Robert Reid alihama Ohio akaenda Illinois na mbegu yake ya mahindi. Mwaka uliofuata iliota kwa mapengo, akarudishia kwa mahindi madogo ya njano ya wenyeji. Zikachanganyika. Mwanawe James akachagua ndani ya mchanganyiko ule miaka na miaka, na mwaka 1893 mahindi hayo yakapata tuzo kwenye maonesho ya dunia ya Chicago, kisha yakaenea sehemu kubwa ya Marekani. Nimewaza habari hii mara nyingi nikiwa nachambua njano. Labda natupa dhahabu. Lakini Reid alichanganya mara moja akakaa kuchagua maisha mazima. Mimi naingiliwa kila msimu na kitu nisichokijua, na mbegu inayoingiliwa kila msimu haipati nafasi ya kuwa ya mtu.

Kukausha na kuhifadhi nitakupitisha haraka, isipokuwa pale niliponyang'anywa. Ukitaka kujua punje imekomaa, chubua ncha yake pale iliposhikana na gunzi. Ukiona doa jeusi, mmea umeshamaliza kuilisha. Kausha kivulini penye upepo au kwenye jua la wastani, juu ya kitu kisicho bati, kwa sababu mbegu ikipata joto la zaidi ya nyuzi 40 kwa muda inaweza kufa bila kubadilika sura. Inafaa kula, lakini haitaota. Unyevu ushuke mpaka asilimia 12 au 13. Mimi natumia chupa ya kioo na chumvi kavu: natia punje na kijiko cha chumvi, natikisa, naacha dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado. Ikibaki inatelezateleza chini, ziko karibu. Watu wa mbegu husema kila unapopunguza asilimia 1 ya unyevu, umri wa mbegu huongezeka karibu maradufu, na kwa yaliyonikuta sina ubishi.

Mwaka mmoja chumvi ilishika. Kidogo tu, kwenye bega la chupa. Nilikuwa na haraka, fukusi walikuwa wameanza kutembea juu ya turubai, nikasema afadhali nifunge pipa wakose hewa wafe. Fukusi walikufa kweli. Nilipofungua baada ya miezi minne, harufu ilinitangulia: harufu ya kiatu kilicholowa. Punje zilizokuwa katikati zilikuwa zimeshikana kama zimepikwa. Juu na pembeni zilionekana nzima. Nikachukua 100, nikazipanga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikakikunja, siku ya saba nikakikunjua. Zilikuwa zimeota 38.

Kilichoniokoa ni uvivu wangu mwenyewe. Mbegu ya msimu uliotangulia, chupa tatu, sikuwa nimeitoa rafuni. Nilizipima, zikaota 91 katika 100. Sasa si uvivu tena, ni sheria ya nyumba: mbegu ya mwaka huu haipandwi yote, na ya mwaka jana haitupwi mpaka ya mwaka huu iwe imeota kitambaani.

Misimu miwili baadaye mzee wa mashariki alikuja kuomba mbegu. Kuku alikuwa amewauza, na mahindi ya njano hakuwa na haja nayo tena. Alitaka achague mwenyewe, mahindi kumi manene, na aliyaona yananing'inia. Nikampa bakuli la punje zilizochanganywa kutoka mahindi 120. Aliligeuza geuza, akachota punje, akaziacha zidondoke.

"Kwa hiyo unaninyima yale," akasema.

Nilimweleza habari ya miche myeupe. Sina hakika aliniamini siku ile. Lakini alipanda, na alipanda yote ya aina moja mpaka kwenye mpaka wetu, na mapengo alirudishia kwa mbegu hiyohiyo kutoka bakuli lile. Nami sikungoja wiki nne. Tulipanda siku moja, mvua ya kwanza, na ndevu zangu zilipokea chavua yake bila mimi kuamka usiku.

Msimu huu nimemenya mahindi ya mistari yote, kingo na ndani. Nimepata punje 2 za njano, zote kwenye hindi moja, upande wa magharibi. Huko kuna shamba ambalo mwenyewe sijawahi kumkuta. Nimepita mara tatu.